Ukirudi Kutoka Istanbul, Anzia kwa Waliofiwa

Istanbul na Dar es Salaam zinafuata saa zilezile. Ikiwa saa tatu asubuhi Eminönü, ni saa tatu asubuhi Posta, mwaka mzima, maana Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi tangu 2016. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia jinsi nilivyorudi mzito, sina hamu hata ya kufungua sanduku, ananiambia, "Ni tofauti ya saa hiyo, mwili utazoea." Tofauti ya saa ipi? Nilichokuwa nacho ni kitu kingine, na usingizi hauwezi kukitibu.

Wapo walioniomba niandike namna ya kwenda. Ya kwenda yameandikwa mno, hata bei ya chai utaikuta. Mimi naandika ya kurudi, na namwandikia hasa yule ambaye safari ilimnogea hadi akaanza kuchungulia kodi za vyumba vya kule.

Kurudi kunaanza siku unayofunga mlango kuondoka. Mfikirie mtu atakayekuja kuufungua mlango huo: amechoka, ana njaa, simu imebaki na chaji kidogo, na ni usiku wa manane, kwa sababu ndivyo ndege yetu ilivyotua. Mtu huyo anataka akute umeme wa LUKU bado upo, ndoo za maji zimejaa na zimefunikwa, shuka safi kitandani, na kitu cha kupika ambacho hakihitaji kwenda dukani. Anataka pesa ya teksi iwe tayari kwenye simu, na laini yake ya Tanzania awe anajua iko mfuko gani, asije akaitafuta kwa tochi nje ya Jengo la Tatu la uwanja wa ndege huku jasho linamtoka. Nguo moja ya kazini iachwe imepigwa pasi. Haya ni mambo madogo, lakini usiku ule kila kinachokosekana kinageuka kuwa kesi dhidi ya nchi nzima. Umeme umeisha, unasema "ndiyo maana hatuendelei". Umeme umeisha kwa sababu hukununua.

Ukiweza, rudi Ijumaa, usirudi Jumapili. Na kama sokoni kule walikufungia vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, vihamishe kabla ya kupanda ndege. Mifuko hiyo hapa kwetu ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hutaki kuanza maisha mapya kwa kumwaga kofia na vitambaa mezani uwanja wa ndege.

Sasa nije kwenye lililobeba kichwa cha makala hii.

Ukiwa safarini, nyumbani wanakuficha mambo. Hawakufichi kwa ubaya. Wanasema, "Msimwambie, mwacheni apumzike." Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, kabla hujaanza kurusha picha, mpigie yule mtu mmoja ambaye kila ukoo unaye, anayejua nani amelazwa na nani kajifungua. Kwetu ni shangazi. Shikamoo, marahaba mwanangu, umefika salama, tumshukuru Mungu. Halafu uliza waziwazi: nani amefiwa, nani anaumwa, nani kapata mtoto?

Mimi niliambiwa jirani yetu wa nyumba ya pili amempoteza mama yake. Ujumbe ulikuwepo kwenye kundi la mtaa, umefunikwa na salamu za Ijumaa na matangazo ya gesi. Nikaenda nikiwa na rambirambi tu. Sikwenda na kisanduku cha peremende wala habari za Uturuki. Tulikaa kwenye mkeka, akanisimulia mama alivyoanza kuugua, nikasikiliza. Kama ningemtembelea siku ya tatu nikiwa na mtandio mpya na picha mia kwenye simu, pole yangu asingeisikia.

Nimekuja kuona kwamba ziara hizi za pole, za hongera na za kujulia hali ndizo zinazokurudisha. Ndege inaleta mwili na mizigo. Unarudi kwelikweli unapokuwa unajua tena nani kafikwa na nini, na watu wanapokuona umekuja kujua. Ukishayamaliza hayo, hadithi zako watazidai wenyewe.

Kuhusu zawadi, ushauri wangu ni mfupi: nunua vinavyogawanyika. Boksi mbili za lokumu, zile peremende laini za Kituruki, zinahudumia ukoo. Saa moja ya mkononi inaleta ugomvi wa miaka. Chai ya tufaha, mitandio, tasbihi, sabuni za mzeituni, vyote ni vyepesi. Ila usitarajie makofi. Shangazi alifungua boksi la lokumu, sukari ya unga ikamwagikia kanga yake, akatafuna taratibu akiangalia dari kama mtu anayepima dawa. "Hii," akasema, "ni halua iliyoharakishwa." Yeye ni mtu wa Unguja, na ukimshirikisha kitu chochote kitamu lazima akilinganishe na halua. Alimaliza boksi hata hivyo.

Halafu kuna michango. Unatua tu, umeshaingizwa kwenye kamati ya harusi, na kuna mtu kaandika "mwenzetu aliyekuwa Ulaya atatuanzia na laki tatu." Ukijitetea kwamba ulidunduliza, ulilala hoteli ya uchochoroni na kushindia simiti, ule mkate wao wa duara wenye ufuta, hakuna atakayekuamini, na ukikasirika ndiyo kabisa. Dawa ni kutenga kabla ya kukata tiketi. Weka fungu la michango na la kikoba kando, lisiguswe hata ukiona zulia la namna gani. Kisha jibu kundini kwa utulivu kiasi chako cha kawaida, kile ambacho ungetoa hata kama usingesafiri. Watachekacheka, watahamia kwa mwingine. Na kama unaweza kupanga, rudi siku chache kabla ya mshahara. Ukirudi mshahara ukiwa ndiyo kwanza umepokelewa na kuliwa safarini, ukame ule wa wiki tatu utakuaminisha kwamba unaikumbuka Istanbul, kumbe unakumbuka kuwa na hela.

Lira zilizobaki zibadilishe kulekule. Maduka ya fedha niliyopita mimi Dar hawakuzitaka, na sarafu ndiyo usizitaje. Kuzitunza kwa ajili ya safari ijayo nako hakuna maana: lira imekuwa ikishuka thamani mwaka baada ya mwaka. Mimi sarafu nimewapa watoto wa dada yangu, wanachezea duka.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuchunga: ugonjwa wa "kule". Kule mabasi yanakuja kwa wakati. Kule paka wanawekewa chakula barabarani na hakuna anayewapiga jiwe. Kule chai. Wiki ya kwanza watu wanakuvumilia, ya pili wanaanza kuangaliana. Nilijiwekea sharti: sitaji Istanbul mpaka niulizwe, na nikiulizwa nasimulia kisa kimoja, naishia hapo. Kisa kinachopendwa ni cha yule muuza vitambaa aliyening'ang'aniza chai ya tatu, nikaogopa kutoka bila kununua. Kila mtu wa Kariakoo anamwelewa yule bwana.

Na hapa nifike kwenye jambo lililonichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mimi naishi Kigamboni.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote Istanbul kilikuwa kivuko. Ndiyo, pantoni. Unapanda Kadıköy, upande wa Asia, na baada ya kama dakika ishirini unashuka Eminönü, Ulaya. Anapita mtu na sinia la chai, vile vibilauri vya kioo vilivyobana kiunoni, sukari vipande viwili kwenye kisahani. Watu wanawarushia shakwe vipande vya simiti. Ukiondoka Kadıköy unaiona stesheni ya Haydarpaşa, jengo lililobuniwa na Wajerumani na kumalizika 1909, limesimama ukingoni kama linasubiri kupanda. Ng'ambo, minara inaanza kujipanga. Nilikuwa napanda asubuhi, napanda jioni, wakati mwingine sina ninakokwenda.

Halafu siku moja nikamwangalia abiria wa mbele yangu. Mwanamume wa makamo, begi mapajani, mdomo wazi, amelala. Dirishani kwake ulikuwa unapita msikiti wa Süleymaniye, ambao msanifu majengo Mimar Sinan aliukamilisha 1557, watu wanavuka mabara kuja kuuona, na yeye anakoroma. Pembeni yake dada mmoja alikuwa anamalizia wanja kwenye kioo cha simu, mkono umetulia mawimbi na yote. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikawatambua. Ndivyo ninavyolala mimi kwenye pantoni la Magogoni saa moja na nusu asubuhi.

Nimelitafakari hilo sana tangu nirudi. Kivuko cha Istanbul ni kizuri, sitaki kudanganya, na ratiba yake naionea wivu. Lakini yule niliyekuwa nikimkumbuka zaidi nilikuwa ni mimi mwenyewe nisiye na pa kuwahi: nimekaa upande wa dirisha, simu iko mfukoni, nakunywa kitu cha moto taratibu, natazama maji. Yule bwana aliyelala, mpe likizo umlete Kigamboni, atapiga picha za pantoni hadi simu ijae.

Kwa hiyo, ushauri wangu kwa anayeumwa na safari: andika vitu vitatu ulivyovipenda, kisha kwenye kila kimoja jiulize ni nchi ile au ni nafasi uliyojipa. Baadhi vitabaki kuwa ni nchi ile tu, na hivyo vililie, huna namna. Bosphorus, ule mkono wa bahari wa Istanbul, haiji Kigamboni. Baadhi utakuta viko hapahapa, bei ndogo, ila ulikuwa unavipita mbio. Kutembea kwa miguu baada ya chakula cha jioni. Kukaa na kahawa bila kuangalia simu. Kuingia msikiti wa mtaa mwingine, au kanisa la mtaa mwingine, ukatazama tu dari yake.

Mimi nimejiwekea Jumamosi. Navuka mapema bila safari, shilingi 200, nasimama upande wa kushoto tukitoka Kigamboni ili nilione paa jekundu la kanisa la Azania Front, la Wajerumani nalo, enzi zilezile za Haydarpaşa. Miaka nimevuka hapa sikuwahi kulitazama. Naishia soko la samaki Feri, nanunua kahawa chungu na kashata, nakaa karibu na wakaanga pweza. Shakwe wa kurushiwa mkate sina. Nina kunguru, na kunguru wa hapa harushiwi. Geuza kichwa tu uone kama kashata ipo. Mara ya kwanza nilijiona kama mwigizaji. Mara ya pili muuza kahawa akaniuliza kama namsubiri mtu, nikamwambia hapana, nimekuja kukaa. Akanisogezea kigoda, siku hizi ananiwekea.

Jumatatu usijaribu. Jumatatu saa moja na nusu pale ni msongamano, mabegi mgongoni, pikipiki zinapiga honi na mtu anakukanyaga kiatu ulichopiga kiwi jana usiku. Siku hiyo fanya kama yule bwana wa Kadıköy: tafuta kiti, ulale.