Elfu thelathini kwa sababu ya majani? Ngoja nikusimulie

Juzi kijana mmoja, dereva wa Fuso, kanitumia ujumbe mrefu wa WhatsApp, hasira tupu. Gari lilimfia njiani usiku, akaweka matawi kama alivyofundishwa, trafiki akamkuta hana pembetatu ya tahadhari, ile inayoakisi mwanga, akamwandikia faini ya sh. 30,000. "Bro, elfu thelathini kwa sababu ya majani? Wewe mkongwe wa barabara, niambie kama huku si kuonewa."

Alitaka nimuunge mkono. Nimekaa siku tatu bila kumjibu, maana hayo mambo yakitajwa tu usingizi wangu unaharibika.

Miaka hiyo nilikuwa naendesha Fuso la tajiri mmoja, napakia nyanya Ilula, nashusha Dar. Aliyewahi kubeba nyanya anajua, mzigo ule haungoji mtu. Tenga la chini linaanza kutoa maji hujafika hata Chalinze. Usiku huo tulishuka mlima Kitonga salama, nikamshukuru Mungu kama kila dereva anavyomshukuru akifika pale chini, kisha mbele kidogo ya Ruaha Mbuyuni springi ya nyuma ikakatika. Tukasimama nusu lami, nusu vumbi. Utingo wangu aliruka gari halijatulia, akatia jiwe nyuma ya tairi, la pili, halafu akaburuta mawe mengine matatu akayapanga hatua kama ishirini nyuma yetu na matawi juu yake. Nikasema moyoni, huyu dogo kaiva.

Ya usiku ule siyasimulii. Mbu, tochi ya simu, tajiri anapiga kila nusu saa kuulizia nyanya. Saa kumi na moja alfajiri fundi akamaliza. Utingo akatoa mawe ya tairini, akadandia, tukaondoka. Yale matatu ya nyuma hatukuyagusa.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema tulisahau. Leo naandika ukweli: niliyaona kwenye kioo. Nikajiambia kunakucha sasa hivi, kila mtu atayaona.

Mabasi ya alfajiri yakapeperusha matawi. Mawe yakabaki, na jiwe lenye rangi ya lami gizani halionekani mpaka uwe juu yake. Akaja kijana wa bodaboda na magunia mawili ya vitunguu. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mlinzi wa ghala jirani alikuwa ameshika namba zetu, na wiki iliyofuata, nikipandisha, nikasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi na kuambiwa nishuke.

Nilikuwa na hoja zangu. Sikumgonga mtu. Wakati anaanguka mimi niko mbali, gari langu halipo hata eneo la tukio. Afande akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mawe yalitembea yenyewe?"

Hapo ndipo nilipojifunza sheria, kwa njia ya gharama. Wengi wetu tunajua Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 tu, Sura ya 168, ile ya mwendo na leseni. Hatujui kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ileile inayofunga wezi, nayo inamgusa mtu anayehatarisha au kuwazibia wenzake njia ya umma. Na haiangalii ulichofanya peke yake. Kuacha kuchukua tahadhari juu ya kitu kilicho mikononi mwako nako ni kosa. Kumbe kile kioo nilichotazama alfajiri ile ndicho kilichonitia hatiani, ingawa mahakamani sikukitaja.

Nikalipa faini, nikachangia matibabu. Tajiri wangu nilipomwomba anisaidie alinijibu neno moja ninalolikumbuka mpaka leo: "Hayo mawe hayakutoka kwenye gari langu." Akanikata mshahara miezi saba kwa nyanya zilizooza. Leo nina Fuso mbili zangu mwenyewe. Yeye nasikia kauza lile la mwisho. Sisemi kitu.

Sasa kijana wangu, hukuonewa. Matawi si dhambi, mchana yamewaokoa wengi na hata mimi nayaheshimu. Lakini usiku hayawaki. Gari zito kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa, maana yake kila sekunde linakula mita 22. Ukipanga majani hatua ishirini nyuma, umempa mwenzako chini ya sekunde moja ya kuamua. Nunua pembetatu mbili. Tembea nyuma mpaka uone umetembea mno, kisha ongeza. Kama gari limekufia kwenye kona, ishara ianzie kabla ya kona. Na likikufia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, zile kilomita 50, utakata tawi gani? Utashuka na panga gizani kutafuta mti, na simba je? Nunua pembetatu. Oili ikimwagika mwagia mchanga. Na mawe yatoe. Nasema tena, mawe yatoe, hata kama mzigo ni nyanya, hata kama tajiri anapiga simu.

Mwezi uliopita dereva wangu mmoja alipata pancha karibu na Doma. Alinipigia saa nane usiku kuniambia wametoka, ameshafika Sangasanga. Nikamuuliza mawe yako wapi. Akanyamaza. Nikamwambia ageuze. Alinung'unika, akasema bosi, mafuta. Baada ya muda ikaingia picha: lami tupu, na kiatu cha utingo pembeni. Mafuta ya kurudi nililipa mimi.