Kocha mpya peke yake hakutosha
Ndugu yangu, unasema kwamba Chicago Cubs, timu ya besiboli ya Marekani, walihitaji kocha mpya tu, lakini hesabu ya mechi haikubaliani nawe. Mwaka 2023 walishinda mechi 83 chini ya David Ross. Wakamwondoa na kumchukua kocha Craig Counsell kutoka timu ya Milwaukee kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 40, na mwaka 2024 wakashinda 83 zile zile, ilhali Milwaukee waliompoteza walishinda 93 na kuongoza kundi. Kwa maoni yangu usajili ndio uliosaidia: mchezaji Kyle Tucker alifika kutoka timu ya Houston Desemba 2024, ingawa waliwatoa wachezaji watatu ili wampate, na msimu wa 2025 wakafikisha ushindi 92.