Blanketi la viraka kwa mashini? Ndiyo

Mama, umeuliza kama blanketi la viraka vya vikwembe lililoshonwa kwa mashini bado ni kazi ya mikono. Ni kazi ya mikono kabisa, usikubali mtu akuambie vinginevyo. Isaac Singer alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya cherehani yake Marekani mwaka 1851, na wanawake wa huko hawakuchelewa kuitumia kuungia viraka.

Kilichobadilika sana ni ukataji. Zamani ulikata umbo kwenye katoni, ukalichora juu ya kitambaa, kipande kimoja kimoja, ndipo ukashika mkasi. Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu cha gurudumu: wembe wa duara unaousukuma kando ya rula. Unapanga kitambaa tabaka nne, unapitisha mara moja, vipande vinatoka sawasawa. Ila kifunge kila unapokiweka chini, watoto wasikiguse.

Hata heshima ya mablanketi haya imeongezeka. Wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha jimbo la Alabama, Marekani, walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi ili familia zisilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston. Mimi nikiona vipande vizuri vikifagiliwa chini ya meza za washonaji hapa Kadutu, Bukavu, roho inaniuma. Waombe wakuwekee.

Fua vikwembe kwanza, maana vingine hutoa rangi, kisha anza na miraba ya sentimita 15. Mkasi wako unatosha.