Mac ni Unix, ila si Linux

Ukihamia Mac ukitokea mfumo wa Linux, ukafungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, utakuta amri za ls, cd na grep zote zipo, utajiona umefika nyumbani. Mimi nilijiona hivyo kwa siku mbili.

Siku ya tatu nilitaka kubadilisha neno moja kwenye faili la bei. Nikatumia sed, amri ya kuhariri maandishi, na -i yake ya kubadilisha faili lenyewe, kama nilivyozoea: sed -i 's/jumla/rejareja/' bei.txt. Ikagoma, ikalalamikia kitu kinachoitwa ei.txt. Nusu saa nzima natafuta hiyo b imekwenda wapi! Kumbe sed ya Mac, baada ya -i, hutaka kwanza uitajie kiambishi cha jina la nakala ya akiba. Maelekezo yangu ikayafanya kiambishi, jina la faili ikalisoma kama amri: b ni amri ya kuruka, ei.txt ikawa ndiko inakoambiwa irukie. Dawa ni kuweka alama mbili za kunukuu zisizo na kitu kati yake: sed -i '' halafu mengine yanafuata.

Sababu ni ukoo. Zana nyingi za Mac zinatoka BSD, toleo la mfumo wa kompyuta wa Unix lililokuzwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Steve Jobs alipoondoka Apple mwaka 1985 alianzisha kampuni ya NeXT, na mfumo wake ulijengwa juu ya BSD na kiini kinachoitwa Mach. Apple wakainunua NeXT, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Mac OS X ya 2001. Linux kwa kawaida hutumia zana za mradi wa GNU, zilizoandikwa upya. Kwa hiyo somo la mtandaoni likikataa, andika man sed, usome mwongozo wa sed wa hapo hapo kwenye mashine yako.

Lingine: diski ya Mac kwa kawaida haitofautishi Nembo.png na nembo.png. Tovuti itakwenda vizuri kwako, ukiipandisha kwenye seva ya Linux picha hazionekani, na mteja ameshapiga simu.

Na rm, amri ya kufuta, haipitii pipa la taka. Nilikuwa na folda mbili, "Picha" na "Picha za harusi". Nikaandika rm -r Picha za harusi, bila alama za kunukuu. Terminal ikaniambia za haipo, harusi haipo. Kuhusu folda ya Picha haikusema kitu, ilikuwa imeshaifuta.

Siku hizi naandika rm -ri (i huifanya iulize kabla ya kufuta) na nafasi moja, kisha naiburuta folda kutoka Finder, dirisha la mafaili la Mac, na kuidondosha kwenye Terminal. Njia nzima inajiandika yenyewe, na kila nafasi imewekewa mkwaju wake wa nyuma (\).