Kwa anayeanza kazi ya kodi na sheria za biashara: tarehe kwanza, asilimia baadaye

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii wakitokea chuo huwa wamebeba viwango kichwani. Kodi ya kampuni asilimia 30, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) 18, zuio la huduma, yaani kodi anayoikata mlipaji kabla ya kumlipa mwenzake, 5, zuio la pango 10. Wanavitiririsha kama mtoto wa madrasa anavyotiririsha alifu, be, te. Ni vizuri kuvijua, lakini mteja hakulipi kwa ajili hiyo, maana viwango anavyo kwenye simu yake. Anakulipa umwambie tukio lake liliangukia siku gani, na siku ile sheria ilikuwa inasemaje. Ninaandika kwa kutumia sheria za Tanzania Bara, ndizo ninazozishika kila siku, na nitazungumzia zaidi tarehe kuliko hesabu.

Anza na 1 Julai. Kila mwaka katikati ya Juni Waziri wa Fedha anasoma bajeti Dodoma, na kabla ya magharibi makundi ya WhatsApp yameshajaa mihtasari yenye nembo za kampuni za ukaguzi. Isome yote, ila usimjibu mteja kwa kuitegemea. Kilichosomwa ni mapendekezo. Muswada unaweza kubadilishwa bungeni, na kinachombana mtu ni Sheria ya Fedha iliyokwisha kusainiwa na kuchapishwa. Kwa kawaida inaanza 1 Julai, ingawa mara nyingine kipengele kimoja hupewa tarehe yake peke yake, na kipengele cha namna hiyo ndicho kinachoumiza watu.

Chukua SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Hadi Juni 2023 ilikuwa asilimia 4 ya mishahara ghafi. Kuanzia Julai 2023 ikashuka kuwa 3.5. Kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 50 kwa mwezi ililipa milioni 2 kwa Juni na milioni 1.75 kwa Julai. Hesabu ya mtoto wa darasa la tano. Lakini kampuni nyingi hufunga mwaka wa hesabu Desemba, kwa hiyo mwaka 2023 una viwango viwili ndani yake, na anayekagua kwa kuzidisha jumla ya mishahara ya mwaka kwa kiwango kimoja atapata jibu lisilo la sheria yoyote. Julai hiyo hiyo kima cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT kilipanda kutoka milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Ukipewa jalada la mwenye duka aliyeuza milioni 140 mwaka 2022, usimwambie kwamba alikuwa huru. Ulizia mwaka kwanza.

Hili si jambo la historia. Mlipakodi anatakiwa kutunza kumbukumbu zake miaka 5, na mkaguzi akija leo anafungua miaka ya nyuma. Kwa hiyo usitupe matoleo ya zamani ya sheria ukidhani yamepitwa na wakati. Na kuna jipya: tangu 1 Julai 2025 sheria zetu zinasomwa kwa Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya marekebisho yakiwa ndani yake, na kwenye baadhi ya sheria vifungu vimehama namba. Ukitaja kifungu kwenye barua, taja na toleo. Ndiyo maana hapa sitaji namba za vifungu. Nataka uende ukavitafute mwenyewe.

Sasa tushuke mtaani, kwenye fremu. Hakuna shughuli inayofundisha kodi vizuri kuliko pango la duka, maana ndani yake mna mwenye nyumba asiyetaka kusikia habari za kodi. Mteja wako anapanga fremu kwa shilingi milioni 12 kwa mwaka. Kwa kuwa ni mfanyabiashara, anatakiwa kuzuia asilimia 10, yaani milioni 1.2, amlipe mwenye nyumba milioni 10.8, na aiwasilishe ile aliyoizuia kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Mwenye nyumba anasema: "Mimi nataka milioni kumi na mbili zangu kamili, mambo ya TRA malizana nayo wewe." Mpangaji anaogopa kuikosa fremu, anatoa zote. Miaka inapita, mkaguzi anaona matumizi ya pango kwenye vitabu, anauliza cheti cha zuio, hakipo.  Sheria inamfuata aliyetakiwa kuzuia, na safari hii kodi inatoka mfukoni mwake.

Kazi yako ni kumfikia mteja kabla ya siku ya kulipa, maana baada ya hapo huna la kumfaa. Mwambie ajadiliane bei huku akilijua zuio. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania milioni 12 mkononi, basi bei halisi ya fremu ni kubwa kuliko hiyo na mkataba uandikwe hivyo, na zuio lihesabiwe kwenye kiasi hicho kikubwa. Mwambie pia amfafanulie mwenye nyumba kwamba cheti cha zuio ni mali yake, kinathibitisha kodi iliyokwisha kulipwa kwa jina lake. Nimeona wazee wakali kabisa wakilainika baada ya kuelezwa hilo taratibu, kwa heshima, wakiwa wamekaa. Kwa simu hawalainiki.

Mkataba wenyewe nao una tarehe yake. Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka, kwa fremu yetu ni 120,000, na una siku 30 tangu kusainiwa. Watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo. Siku wakigombana na mwenye nyumba, mkataba usio na stempu unapata taabu kupokelewa kama ushahidi, na hapo ndipo 120,000 inapogeuka kuwa pesa nyingi.

Mengine ya kila mwezi yapitie haraka, ni ya kukariri: zuio na kodi za mishahara tarehe 7, VAT tarehe 20. Kwa anayefunga mwaka Desemba, awamu za kodi ya makadirio ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwisho ni 30 Juni ya mwaka unaofuata. Yabandike ukutani. Ukihitaji msaada wa kuyakumbuka baada ya miezi sita, kazi hii haikufai.

Bima watu wa kodi wanaikwepa, wanaona ni ya mawakala. Msiikwepe. Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inayosimamiwa na mamlaka ya bima, TIRA, ina kanuni moja ambayo mfanyabiashara anapaswa kuijua kuliko zote: hakuna kinga kabla ada haijalipwa. Ahadi ya mdomo haina kazi, na "nitatuma Jumatatu" haimfungi mtu. Ukikuta kwenye vitabu bima ya ghala imeandikwa kama deni la kulipwa, usiishie kuuliza kama gharama hiyo inakubalika kikodi. Uliza kama ghala hilo lina kinga.

Soko la Kariakoo liliungua usiku wa 10 Julai 2021. Mwaka uliofuata, kwa kupitia Sheria ya Fedha, bima ya lazima ilipanuliwa kuingiza masoko ya umma, majengo ya biashara na bidhaa zinazotoka nje. Angalia ilikopitia: badiliko la bima limo ndani ya Sheria ya Fedha. Anayesoma kurasa za kodi peke yake hataliona.

Mzigo kutoka nje ndiyo mfano ninaopenda kuwapa wageni. Mteja kanunua mashine ya kukoboa mpunga China, muuzaji kampa bei ya CIF, yaani bei yenye bima na nauli ndani yake. Sheria yetu inamtaka bima ya mzigo ule aikate kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Matokeo yake analipa bima mbili kwa mashine moja. Ukimpata kabla hajatuma pesa, anamwomba muuzaji aiondoe bima kwenye bei, basi. Ukimpata baadaye, utamweleza tu kwa nini imekuwa ghali. Kisha linganisha tarehe mbili: ya hati ya shehena, ile watu wa bandarini wanaiita BL, na ya bima. Bima iliyokatwa meli ikiwa inakaribia Dar es Salaam, ili kupata karatasi ya kutolea mzigo, hiyo ni karatasi. Haikumlinda baharini.

Na fidia ikilipwa, usishangilie kabla ya kufungua daftari. Fidia inafuata asili ya kitu kilichofidiwa. Kampuni ya bima ikilipa kwa sababu ya bidhaa za kuuza zilizoungua, fedha hiyo inaingia kwenye mapato ya biashara, kama ambavyo mauzo yangeingia. Mfanyabiashara aliyetoka kupoteza duka hapendi kusikia neno kodi wiki ile, kwa hiyo lugha iwe ya kiungwana, lakini mwambie, la sivyo atazitumia zote kujenga upya na kubaki na deni.

Kwenye uwekezaji, swali la tarehe linakuwa hivi: cheti cha uwekezaji kilipatikana lini, na mzigo ulifika lini? Sheria ya Uwekezaji ya 2022 iliweka kima cha dola 500,000 kwa mwekezaji wa nje na 50,000 kwa Mtanzania anayetaka cheti na vivutio vyake, yaani nafuu kama za kodi. Wengi wetu tulikuwa tunafikiri vivutio ni vya wageni tu. Dola 50,000 ni kiwango ambacho mwenye kinu au hoteli ndogo ya mikoani anaweza kukifikia bila kujua. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya iliyounganisha Kituo cha Uwekezaji na mamlaka ya EPZ, maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, kuwa chombo kimoja, TISEZA, kilichoanza Julai mwaka huo. Majina ya ofisi yamebadilika, tabia ya watu haijabadilika: mtu analeta mashine kwanza, anazitoa bandarini kwa kodi kamili, ndipo anasikia habari za cheti. Kuomba kurudishiwa kilichokwisha kulipwa ni mlima. Andika mpango wa mradi, omba cheti, agiza mzigo. Kwa mpangilio huo.

Ukiwa na mteja asiye raia, soma pia amri ya Julai 2025 inayokataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, saluni na ufundi wa simu. Ana leseni? Ilitolewa lini, inaisha lini?

Zanzibar sipiti bila kuitaja, maana vijana wa Bara hujikwaa hapo. Kodi ya mapato ni ya Muungano na TRA anaikusanya pande zote mbili. VAT hapana: Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, ZRA. Uwekezaji nao una sheria yake kule. TIRA yuko kote. Mteja mwenye tawi Mwanakwerekwe ana majalada mawili hata kama ana kampuni moja.

Nimeliacha pingamizi mwisho kwa sababu hapo tarehe haina huruma. TRA akimpa mteja makadirio ya kodi anayodaiwa ambayo hayakubali, ana siku 30 tangu alipopelekewa kuweka pingamizi. Barua huletwa Ijumaa mchana, mhudumu anaitia droo, bosi yuko Mwanza, wiki mbili zimekwenda. Fundisha ofisi ya mteja kugonga mhuri wa kupokea na kuandika saa, na kufungua akaunti yake ya mtandaoni ya TRA kila asubuhi. Wewe mwenyewe, ukipewa notisi, usianze na hoja. Anza na kalenda, hesabu siku, ziandike juu ya jalada kwa kalamu nyekundu.

Kisha pesa. Pingamizi halipokelewi bila amana: kiasi ambacho mteja hakibishii, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Makadirio ya milioni 90, mteja anakubali milioni 10 tu: analipa 30. Akikubali milioni 40, analipa 40. Wenzetu wa Kenya nao wana siku 30, ila wanatakiwa kulipa kile kisichobishaniwa tu; ukiwa na mteja wa pande zote mbili usichanganye. Milioni 30 hazipatikani kwa siku mbili kwa mfanyabiashara wa kawaida, na hii ndiyo inayoua mapingamizi mengi yenye hoja nzuri kabisa. Asipolipa, makadirio yanakuwa ya mwisho, na njia ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi inazibika kabla hajaianza.

Sheria inamruhusu Kamishna kupunguza au kusamehe amana hiyo akiombwa kwa sababu za msingi. Ombi hilo liandike siku ile ile unayopokea notisi, hoja zikiwa bado zinatafutwa, uambatanishe taarifa za benki zinazoonyesha hali ya mteja. Ukisubiri pingamizi likamilike ndipo uombe, unaweza kujibiwa siku ya 31.