Maswali ya Wasomaji: Kuwafuata Wanaastronomia wa Ridhaa hadi Uingereza

Nafundisha fizikia sekondari, Morogoro. Mwakani nitakuwa Uingereza siku 12, na nataka kuzitumia kuchimba historia ya watu waliotazama nyota bila kulipwa, hasa William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus. Nianzie wapi, na viza gani inanifaa?

Mwalimu, siku 12 ni chache kuliko zinavyosikika. Toa ya kufika na ya kuondoka, toa wikiendi mbili ambapo vyumba vingi vya kusomea nyaraka hufungwa, unabakiwa na siku sita hivi. Kwa hiyo usiende na "historia ya wanaastronomia wa ridhaa". Nenda na swali linaloisha, kwa mfano: Herschel alipataje vioo vya darubini zake kabla ya kulipwa na mfalme? Swali hilo lina mpaka. Mpaka 1782, mfalme George III alipompangia pauni 200 kwa mwaka, Herschel alikuwa mwanamuziki wa mji wa Bath, mpiga kinanda wa kanisa la Octagon, na darubini alizitengeneza kwa fedha yake mwenyewe.

Kituo chako kikuu ni maktaba ya Royal Astronomical Society, Burlington House, barabara ya Piccadilly, London. Ndiko ziliko daftari zake za kutazamia nyota na karatasi za dada yake Caroline. Barua za John, mwana wa William, ziko kwingine, Royal Society, mtaa wa Carlton House Terrace, mwendo mfupi kwa miguu. Majina hayo yanafanana na watu huyachanganya, kisha barua yao inakaa kwenye ofisi isiyohusika.

Mwandikie mkutubi wiki sita kabla. Taja swali lako, siku unazotaka, kama utapiga picha, na zaidi ya yote namba ya rejea ya kila faili kama ilivyo kwenye katalogi. Anayeandika "naomba kuona karatasi za Herschel" anajibiwa kwa swali: zipi? Zipo nyingi mno, na hapo wiki mbili zimeshapotea.

Viza ni ile ya kawaida ya mgeni, inayoruhusu kukaa hadi miezi 6. Huwezi kuiomba mapema kuliko miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Ambatanisha barua ya likizo kutoka kwa mwajiri na barua pepe ya maktaba inayothibitisha miadi. Viza hiyo haikufikishi Jamhuri ya Ireland. Anayetaka kuona darubini kubwa ya Lord Rosse, mtazama nyota wa Ireland, iliyokamilika 1845, katika kasri la Birr, aombe viza ya pili.

Nyumba ya Herschel kule Bath ina faida kwa mtafiti, au ni ya watalii tu? (Msomaji, Nairobi)

Ina faida, na afadhali uende huko kabla ya kufungua daftari hata moja. Nyumba ni namba 19, New King Street, na leo ni makumbusho. Treni kutoka stesheni ya Paddington huchukua kama saa moja na nusu. Tiketi ya kununua wiki kadhaa mapema huwa nafuu sana, ila inakufunga kwa treni moja. Ukiikosa, umeikosa na tiketi.

Shuka hadi karakana ya nyuma, usawa wa bustani, utazame sakafu. Agosti 1781 Herschel alijaribu kusubu hapo (kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu) kioo cha upana wa futi tatu, yaani sentimita 90 hivi. Vioo vya siku hizo havikuwa vya bilauri. Vilikuwa madini, shaba nyekundu iliyochanganywa na stani. Kalibu ilikuwa ya udongo uliotokana na samadi ya farasi, na Caroline mwenyewe alishiriki kuitwanga na kuichekecha. Mara ya kwanza kalibu ilivuja na kioo kikapasuka kilipokuwa kikipoa. Mara ya pili madini yalitoboa tanuri, yakamwagika sakafuni. Jiwe likipata moto wa ghafla upande wa juu, upande huo hutanuka kabla ya mwingine, na jiwe hulipuka. Vipande viliruka, watu wakakimbia. Nyufa bado zipo.

Ukishaona udogo wa chumba kile, ndipo barua zinazotaja tanuri zinapoeleweka. Tahadhari moja tu: darubini ya futi saba iliyowekwa pale ni nakala. Usiipime ukaandika kwamba ndizo vipimo vya ile ya asili.

Nimesoma kurasa za daftari za zamani kwenye intaneti, lakini tarehe hazilingani na vitabu, na michoro ya Mwezi imekaa juu chini. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Pengine hukosei popote. Hadi mwisho wa 1924, wanaastronomia walianza siku yao adhuhuri, si usiku wa manane, ili usiku mmoja wa kazi usigawanywe kwenye tarehe mbili. Ukikuta "Machi 13, saa 14", hesabu saa 14 kuanzia adhuhuri ya tarehe 13: unafika saa nane usiku wa kuamkia tarehe 14. Sisi tunaosema "kuamkia" na kuhesabu saa kuanzia macheo tunaielewa hesabu hiyo upesi kuliko Mwingereza wa leo.

Shida ni kwamba watu wa ridhaa hawakuwa na mkuu wa kuwalazimisha. Wengine walitumia siku ya kiraia, wengine walibadilisha katikati ya daftari. Herschel alipoiona Uranus, akidhani ni nyota-mkia, aliandika kawaida kabisa: Jumanne, Machi 13, 1781, kati ya saa nne na saa tano usiku. Palipo na shaka, fungua programu ya bure ya Stellarium, inayoonyesha anga la tarehe yoyote, iweke mahali pa mtazamaji (isibaki Mombasa!), uone kama Mwezi au sayari iliyotajwa ilikuwa imechomoza saa ile.

Michoro imepinduka kwa sababu darubini za kutazamia nyota hupindua taswira, nao walichora walichokiona: kusini juu.

Kuna mtego mwingine. "Darubini ya futi saba" ya Herschel ni urefu, mita 2.1; kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 6.2 tu, kama sentimita 16. Lakini "futi sita" ya Lord Rosse ni upana wa kioo. Kila unapokuta kipimo, uliza kwanza ni cha nini.

Mtu ninayemtafuta hakuwa mashuhuri. Hana karatasi London. (Msomaji, Kampala)

Anza na majarida. British Astronomical Association, chama cha watu wa ridhaa, kilianzishwa 1890 na kikapokea wanawake tangu mwanzo, wakati Royal Astronomical Society iliwangojesha hadi 1916. Tafuta pia gazeti la kila wiki la English Mechanic, lililotoka 1865 hadi 1926. Makasisi na mafundi waligombana humo kuhusu namna ya kusugua vioo. Angalia sahihi za barua, maana wengi walitumia lakabu. Karatasi za familia, zikiwepo, mara nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti alikoishi.

Simu inatosha kupiga picha za nyaraka? (Msomaji, Arusha)

Inatosha, bila flashi. Picha ya kwanza ya kila faili iwe karatasi uliyoandika namba ya rejea, la sivyo jioni una picha 400 zisizo na wenyewe. Beba penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi, na sweta, kwa kuwa vyumba hivyo huwekwa baridi na begi linabaki nje kwenye kabati. Ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuichapa. Hiyo huombwa peke yake, na huenda ikalipiwa.