Kuwinda Elki Mchana: Usishuke Kambini

Mwezi wa 9, madume ya elki, wale ayala wakubwa wa Marekani, wanapotafuta majike, misitu ya Colorado, Idaho na Montana hunyamaza ghafla ikifika saa 4 asubuhi. Wawindaji wengi wa upinde hushuka kambini kulala. Hapo wanapoteza saa nzuri kuliko zote. Alfajiri elki yuko njiani na wewe unamkimbiza. Mchana yuko malaloni, wala hatulii. Huinuka kujinyoosha, kukojoa, kuwakagua majike, au kwenda kugaagaa kwenye tope.

Mtafute kwenye mteremko unaotazama kaskazini, penye miti mizito. Jua la huko hupita upande wa kusini, kwa hiyo kaskazini hubaki na ubaridi. Tazama hasa vijisehemu tambarare vinavyokatiza mteremko. Ukikuta samadi mbichi na harufu kali kama ya zizi, punguza mwendo.

Upepo ndio kazi yenyewe. Asubuhi hewa baridi hushuka bondeni. Jua likichoma, hupanda mlima. Katikati, takriban saa 3 hadi saa 5, huzunguka hovyo, na ukikaribia malalo wakati huo utawafukuza wote. Subiri. Beba kichupa cha unga laini usio na harufu, ukiminye, kisha ufuate vumbi lake kwa macho mpaka lipotee: mkondo unaweza kuwa mzuri usoni pako ukageuka hatua 20 mbele. Unga ukipanda mfululizo kwa dakika 15 au 20, mwendee kwa ubavuni au kutoka juu, kamwe si kutoka chini.

Mlio wa jike, ambao utauiga kumvuta dume, huanza juu ukashuka, kama sekunde 1. Kiwambo cha mpira cha mdomoni huacha mikono huru, ila kinataka mazoezi ya wiki nyingi. Anayeanza atumie filimbi ya kung'ata. Mchana ita kwa sauti ya chini, mara 2 au 3, kisha nyamaza dakika 5 hadi 10. Vunja kijiti, kanyaga majani makavu, maana kundi halisi halikosi kelele hizo. Kaa dakika 45. Dume wa mchana mara nyingi huja kimya, na cha kwanza utakachosikia ni ncha za pembe zikigonga matawi. Anayeinuka dakika ya 20 humkurupua dume aliyekuwa tayari njiani.

Dume mwenye majike ni habari nyingine. Ukimwita kwa sauti ya jike atajibu palepale alipolala, au atawaswaga majike wake aondoke nao. Huyo msogelee hadi mita 80 hivi bila kumshtua jike hata mmoja, kisha umpigie mlio mmoja wa dume kwa bomba la kuitia na ukwaruze mti kwa fimbo nene. Ukiwa mita 200 hana sababu ya kuinuka. Ukiwa mita 80 anaona umeingia nyumbani kwake.

Mkiwa wawili, mpiga mshale atangulie mita 40 au 50 mbele ya mwitaji, akiegemea demani, yaani upande upepo unakoelekea, kwa sababu dume huzungukia upande huo anuse. Chagueni mahali ambapo lazima avuke kigongo au kichaka ndipo aone palipotoka sauti, na kigongo hicho kiwe ndani ya umbali wako wa mshale. Akiona uwazi usio na elki husimama mbali, na hasogei tena. Simama mbele ya mti, si nyuma yake. Uvute upinde macho yake yakiwa yamefichwa na shina. Lenga nyuma ya bega, akiwa amesimama ubavu.

Akianguka mchana, joto ndilo adui. Chuna mara moja, tenga mapaja, yatundike kivulini ndani ya mifuko ya kitambaa, kwani nyama huanza kuharibika kwenye mfupa wa paja, ndani kabisa.

Usipompata, tazama unga tena kivuli kinapofunika mteremko, kama saa 10 jioni. Unga ukianza kushuka, ondoka kwa ubavuni bila kupita malaloni, ili kesho uwakute palepale.